Boksi moja la rangi, vichwa vitatu

Swali limetoka kwa msomaji wa Tanga:

"Wiki tatu zijazo tuna harusi ya shemeji yangu. Nimenunua maboksi mawili ya rangi ya kahawia, yale ya kuchanganya krimu na chupa ya pili, nataka tupakane nyumbani watu watatu. Mimi nina miaka 41, nywele zangu ni za dawa ya kunyoosha tangu usichana na mvi zimeanza kutokeza mbele. Binti yangu ana miaka 14, nywele zake ni za asili, kipilipili, naye anataka apate rangi ya dhahabu kidogo nywele za mbele. Wifi yangu ana nywele za singa, kila Idi anapaka hina na piko. Je, rangi hii itatushika sote sawa? Na tuzitunzeje hizi nywele zifike siku ya harusi zikiwa nzima?"

Dada yangu, hongera kwa harusi, na ahsante sana kwa kuuliza kabla hujafungua boksi. Jibu la haraka ni hili: haitawashika sawa. Wewe unaweza kuipaka ukipanga siku zako vizuri. Binti yako asiipake. Wifi asiiguse mpaka afanye majaribio mawili nitakayoyaeleza, na hata moja likikataa, aiache.

Wengi wetu tukinunua rangi tunaangalia picha iliyo juu ya boksi. Mimi, mteja akikaa kitini kwangu, kwanza namuuliza kichwa chake kimepitia nini. Unywele ukishatoka kwenye ngozi hauwezi tena kujiponya, kwa hiyo kilichopakwa mwaka juzi bado kimo. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, za kipilipili pungufu ya hapo, maana yake nywele za kufika mabegani zina ncha za miaka miwili na zaidi. Rangi ikifika kwenye ncha hizo inakutana na dawa zote, hina zote na pasi zote za miaka hiyo.

Unywele umefunikwa kwa magamba yaliyolaliana kama vigae vya paa, na ndani yake kuna kiini cha protini iitwayo keratini, ambamo weusi wa asili umekaa. Krimu ya rangi ya kudumu ina amonia, au kitu cha kushika nafasi yake, inayoyainua magamba hayo. Pia ina chembe ndogo ambazo bado hazijawa rangi. Ile chupa ya pili ina peroksaidi, mara nyingi ya asilimia 6. Hiyo ndiyo inayofifisha weusi wa asili kidogo na kuziunganisha zile chembe zikawa kubwa, zikanasa ndani zisiweze kutoka kwa maji. Kazi hii yote inategemea magamba yakoje. Ya singa isiyoguswa hulala na kubana. Ya nywele za dawa yameshainuka siku nyingi. Kipilipili kimebonyea ubapa na kujisokota, na kila kona ya msokoto ni mahali pa kukatikia.

Nianze na wifi, maana ndiye anayenitia wasiwasi zaidi.

Hina safi, yaani majani ya mhina yaliyokaushwa na kusagwa, sina ugomvi nayo. Rangi yake hushikana na keratini yenyewe, huupa unywele unene kidogo na mng'aro, na hutoa rangi ya chungwa iliyoiva hadi nyekundu ya kahawia. Haina uwezo wa kutoa weusi, wala haiwezi kupunguza weusi wa unywele. Kwa hiyo ukiuziwa "hina nyeusi", jua kuna kitu kimeongezwa. Kinaweza kuwa majani ya mnili, mmea wa kutoa rangi ya buluu, na hayo hayana neno kwa watu wengi. Lakini piko inayouzwa kwetu, ile ya unga inayokoza weusi kwa muda mfupi, mara nyingi ni PPD, kemikali ileile inayotumika kwenye rangi za nywele za maboksi. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi ya nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 ikishachanganywa, na hauiruhusu kuchorwa kwenye ngozi. Piko ya kuchanganya kwa kukisia haina anayeipima.

Sasa muulize wifi swali hili, naye ajibu kweli: je, aliwahi kupaka piko mkononi au kichwani akawashwa, akavimba au akatoka malengelenge, hata kama ilikuwa mara moja na yakaisha yenyewe? Kama ndiyo, safari yake na rangi za maboksi imekwishia hapo. Mwili ukishaikataa PPD hausahau, na mara ya pili huja na hasira zaidi: uso unavimba, macho yanafumba, ngozi ya kichwa inatoa maji. Wengi hudhani boksi lililoandikwa "halina amonia" ni salama kwao. Amonia na PPD ni vitu viwili tofauti, na boksi lisilo na moja linaweza kuwa na lingine. Soma orodha ya viambato ubavuni. Ukiona p-phenylenediamine, ndiyo hiyo. Ukiona toluene-2,5-diamine, ni ndugu yake, na wengi wanaodhurika na ya kwanza hudhurika na ya pili.

Kama hajawahi kudhurika, afanye jaribio la kwanza, la ngozi. Achukue rangi kidogo kama kikaratasi cha ndani kinavyoelekeza, apake nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, eneo dogo la kama shilingi, aache saa 48 bila kupaosha. Asihukumu baada ya saa mbili. Mzio wa namna hii huchelewa. Wewe pia ufanye, hata kama umepaka rangi miaka yote. Mzio huu unaweza kuanza kwa mtu aliyepaka mara nyingi bila tatizo.

Jaribio la pili ni la nywele zenyewe. Baadhi ya unga unaouzwa kwa jina la hina huwa umetiwa chumvi za metali, na peroksaidi ikikutana na metali ndani ya unywele huchemka. Kateni nywele chache sehemu isiyoonekana, zenye ncha za zamani, mzifunge kwa uzi. Changanyeni kijiko kimoja cha krimu na peroksaidi yake kwenye bakuli la plastiki, mzitumbukize, mngoje nusu saa huku mkiangalia. Bakuli likipata moto, likitoa moshi au harufu kali isiyo ya kawaida, au nywele zikianza kuvutika na kunata, mwageni na wifi asipake. Zikitoka salama, suuzeni, zikausheni, kisha zivuteni taratibu kwa vidole viwili. Nywele nzima inavutika kidogo na kurudi. Iliyoharibika inakatika hapo hapo.

Hata akifaulu majaribio yote, matarajio yake yawe madogo. Juu ya hina na piko ya miaka mingi, kahawia ya boksi itaonekana kwenye sehemu mpya zilizoota, huku ncha zikibaki nyeusi. Asishawishike kuvua weusi huo kwa blichi, maana kama aliwahi kupaka mnili, nywele zinaweza kutoka na ukijani, na wiki tatu hazitoshi kusahihisha. Mimi ningemshauri abaki na hina yake safi, aikande kwa maji ya uvuguvugu na limau kidogo, aiache saa kadhaa itoe rangi, ndipo apake. Itampendeza kuliko kahawia.

Na wewe, dada. Dawa ya kunyoosha ina alkali kali sana, pH yake (kipimo cha asidi na alkali) hufika 12 hadi 14, na inanyoosha kwa kukata vifungo vya ndani vinavyoupa unywele nguvu. Vifungo hivyo havirudi kama vilivyokuwa. Ndiyo maana nywele za dawa hunywa rangi haraka, hukoza upesi nchani, na hufifia upesi vilevile. Ndiyo maana pia dawa na rangi havikai siku moja, wala wiki moja. Dawa hutangulia, rangi hufuata baada ya siku 14 au zaidi.

Ukihesabu, siku zinakutosha kwa tabu. Kama unahitaji kuritachi, fanya kesho au keshokutwa, kwenye nywele mpya tu, bila kushusha dawa kwenye zile zilizonyooka tayari. Ikikuunguza hata mahali padogo, sahau rangi ya boksi kwa harusi hii, kwa sababu kidonda ni mlango wazi wa kemikali. Isipokuunguza, paka rangi siku tano au sita kabla ya harusi. Kama nywele zilizoota si nyingi, mimi ningeacha kuritachi kabisa, nizifunge vizuri siku ya harusi, na dawa ningojee mwezi ujao.

Kuhusu rangi yenyewe: nywele zako nyeusi hazitabadilika sana kwa peroksaidi ya asilimia 6, zitaonyesha kahawia zikipigwa na jua. Lakini mvi hazina weusi wa kupigana nao, kwa hiyo zitatoka kahawia waziwazi. Ukichagua kahawia nyepesi, mvi zitang'aa zaidi ya nywele nyingine na kila mtu atajua zilipo. Angalia namba na jina la boksi. Kama si kahawia iliyokoza, lirudishe dukani ubadilishe. Na kama mvi ni chache tu mbele, kuna rangi laini zaidi, zinazokaa wiki kadhaa kisha zinafifia. Kwa nywele za dawa hizo ndizo ninazozipenda, kwa kuwa haziachi mstari mkali nywele mpya zikiota.

Siku ya kupaka usioshe nywele. Mafuta ya asili ya siku mbili tatu yanaikinga ngozi. Vaa glavu, jifunge kanga ya zamani, paka mafuta mazito kwenye paji la uso na masikio ili ngozi isishike rangi, tumia bakuli la plastiki wala si sufuria. Gawa kichwa mafungu manne kwa mkia wa kitana. Anza penye mvi, kwa sababu unywele wa mvi mara nyingi ni mkaidi na unahitaji muda wote wa boksi. Inua nywele kwa matabaka membamba, upake shinani bila kuisugua ngozi. Ncha ziachie dakika tano au kumi za mwisho. Zimeshanyonya vya kutosha maishani mwao. Dakika zihesabu kwa saa, zile zilizoandikwa kwenye kikaratasi. Kuongeza muda hakukozi rangi, kunaumiza tu, na usikae chini ya draya kama hukuelekezwa. Ngozi ikianza kuungua, suuza hata kama hujamaliza. Uso ukivimba au pumzi ikibana, suuza kwa maji mengi huku mtu akitafuta usafiri wa hospitali.

Neno moja kuhusu nyusi, maana najua harusi zetu na mambo ya kujipamba usiku wa kuamkia sherehe. Rangi ya nywele haipakwi kwenye nyusi wala kope, hata tone. Mwaka 1933 huko Marekani rangi ya kope yenye PPD iliwapofusha wanawake, na ni kati ya visa vilivyochangia sheria ya vipodozi ya 1938. Hadi leo maboksi yanaonya kuhusu upofu.

Tuje kwa binti. Najua miaka 14 inataka kuonekana, na simlaumu. Lakini rangi za kudumu zinazouzwa Ulaya hubandikwa onyo kwamba si za walio chini ya miaka 16, na sababu ni huo mzio niliousema. Akiupata akiwa mdogo ataishi nao. Pili, rangi ya dhahabu haitoki kwenye boksi lako. Nywele nyeusi hupitia wekundu, kisha rangi ya chungwa, ndipo zifikie njano, na kuzifikisha huko kunahitaji blichi. Blichi hutoboa njia hadi kwenye kiini na kula protini pamoja na weusi. Kwenye kipilipili hukata kwenye kila msokoto. Nimeona wasichana wenye nywele nene wakibaki na vishungi vya vidole viwili mbele, pale pale walipotaka papendeze.

Mpe dhahabu bila kugusa nywele zake. Asukwe rasta zilizochanganywa nyeusi na dhahabu, au awekewe mistari miwili ya dhahabu mbele. Nywele za rasta mziloweke kwanza kwenye maji yaliyotiwa siki kidogo mpaka utando mweupe utoke, msuuze na kuanika. Ule utando ndio unaowawasha wengi kichwani. Msusi asikaze. Msichana akishindwa kukunja paji la uso baada ya kusukwa, zimekazwa mno, na nywele za pembeni hukatika kwa kuvutwa hivyo mwaka baada ya mwaka hadi zinagoma kuota. Kuna pia nta za rangi zinazopakwa kwenye nywele mbichi, zikikauka zinaonyesha dhahabu kwenye msokoto, na ukiosha nywele zinatoka. Kwa siku moja ya sherehe zinatosha kabisa.

Kwenye harusi watapakwa hina hata wachanga, kwa hiyo nalisema hili kwa uzito wake: mtoto mchanga asipakwe hina, hata iwe safi. Katika maeneo yetu ya malaria wako watu wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na wengi hawajijui. Kwa mtoto wa namna hiyo hina iliyopakwa kwenye ngozi inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Macho yanageuka manjano, mkojo unakuwa mweusi, na mtoto anaishiwa damu. Hali hiyo ni ya kukimbilia hospitali usiku huohuo.

Utunzaji sasa, na hapa kila kichwa kina njia yake.

Binti aoshwe kabla ya kusukwa. Kipilipili kisichanwe kikiwa kikavu. Gawa mafungu, lowesha, paka konditiona mpaka unywele uteleze, kisha chana kwa chanuo la meno mapana ukianzia nchani na kupanda kidogo kidogo kuelekea ngozini. Ukifika penye fundo, weka chanuo chini, fungua kwa vidole. Nywele hizi hukauka kwa sababu mafuta ya kichwani hayawezi kuteremka kwenye msokoto, kwa hiyo maji na konditiona hutangulia, na mafuta huja mwisho kuyazuia maji yasitoke. Kupaka mafuta kwenye nywele kavu kunang'arisha nje tu.

Mafuta ya nazi ya kwetu yana faida ya kweli: huingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Yapakwe usiku wa kuamkia siku ya kuosha, wewe na binti. Wewe ongeza stimingi mara moja kwa wiki hadi harusi, na pasi uiweke kando kabisa kati ya dawa na rangi. Wifi, mwenye singa, mafuta yake hushuka yenyewe. Yeye aoshe mara nyingi zaidi yenu na apake nazi nchani tu, la sivyo nywele zitalala na kunata. Majani ya mkunazi aliyofundishwa na bibi yake yanamtosha kwa kuoshea, na baada ya hina ni mazuri sana.

Baada ya rangi, kaa siku mbili au tatu kabla ya kuosha, kisha tumia maji ya baridi au vuguvugu na shampuu isiyo kali. Kama kwenu mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, suuza mwisho kwa maji ya mvua au ya bomba, ndoo moja inatosha. Chumvi hukausha magamba na kuzima mng'aro. Mkienda kuogelea baharini kabla ya sherehe, lowesheni nywele kwa maji baridi kwanza, zikishashiba hazinywi sana ya chumvi. Usiku lala na kitambaa cha satini. Kanga ya pamba hunyonya unyevu na kukwaruza.

Rangi utakayobakisha bakulini imwage siku hiyohiyo. Ikishachanganywa inaendelea kufanya kazi na kutoa hewa, na ukiifunga kwenye chupa inaweza kupasuka. Boksi la pili usilifungue, litakufaa baadaye mvi zikitokeza tena. Na ile piko ya wifi, kama imebaki kabatini, itolewe kwenye kopo la jikoni ifungiwe mbali na watoto. Ikimezwa, hata kidogo, huvimbisha koo na kuharibu figo, na imeshaua watu wazima.